Kati ya Nembo na Mhuri Kuna Maneno

Nchi yenyewe siitaji jina. Siyo kwamba naogopa, la hasha. Jina lake limesajiliwa, na mtu akitaka kulitamka hadharani sharti aombe kibali, na afisa wa vibali yuko likizo. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina mihuri mingi kuliko nchi yoyote mliyowahi kuisikia. Tena inawajali sana watu wenye ulemavu. Hilo nalisema mapema, msije mkafika mwisho mkadhani nimelisahau.

Upendo huo ulianza pale nchi ya jirani iliposifiwa kwenye mkutano mkubwa kwa kuwaandikia wasioona nyaraka ambazo simu zao zinaweza kuwasomea kwa sauti. Waziri wetu wa Nyaraka, Mheshimiwa Profesa Dakta Mhandisi Kasongwa, alikuwepo ukumbini, akala vya jirani akashiba, lakini zile sifa zikamkwama kooni. Alirudi nyumbani amevimba. Wiki mbili hazikuisha, Bunge likapitisha Sheria ya Nyaraka Fikivu, vifungu mia na nne, na ikatangazwa redioni asubuhi na jioni kwa siku saba ili mtu yeyote, mwenye ulemavu wowote, asije akasema hakusikia.

Waraka wa kwanza uliandikwa na karani mmoja mgeni kazini. Aliandika maneno, akayapanga vizuri, akautuma. Simu za wasioona nchi nzima zikausoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na watu wakafurahi. Waziri alipoletewa nakala nusura azirai. Waraka uko uchi! Hauna mhuri, hauna sahihi, maneno matupu yamekaa tu hapo kama mtu aliyetoka kuoga.

"Waraka usio na mhuri ni umbea," alisema Waziri, na yule karani akahamishiwa kisiwani kulinda popo.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Waraka unaandikwa kwenye kompyuta, unachapwa kwenye karatasi, unatiwa sahihi, unapigwa mhuri, unapigwa picha, na picha ndiyo inayotumwa kwenye simu ya asiyeona. Simu ikiifungua inasema neno moja: "Picha." Wasioona wakalalamika. Wataalamu wakaitwa, wakasema ni kweli, kila picha inatakiwa kuwa na maelezo ambayo simu itayasoma. Serikali sikivu ikaunda Idara ya Maelezo ya Picha, wafanyakazi sitini na wawili, kazi yao kutazama picha za nyaraka na kueleza wanachokiona. Ila waliapishwa wasieleze kilichoandikwa, maana barua ya mtu ni siri yake, na Serikali haiwezi kuonekana inasoma barua za watu.

Na kwa kuwa sasa nyaraka zote zilikuwa fikivu, Kifungu cha Tisini kikamkataza mwenye macho kumsomea asiyeona. Ukimsomea unamaanisha nini? Unamaanisha waraka wa Serikali haufikiki, na huo ni uzushi. Miezi tisa jela.

*

Katika mtaa mmoja wa mji mkuu alikaa mfumaji wa masweta aitwaye Siwema. Haoni tangu ana miaka sita, surua ilimchukua macho. Masweta yake yalivaliwa na shule tatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kukuta uzi umeruka. Alikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, Chiku, na jina lilimkaa kweli, maana kazi ya mtoto yule ilikuwa kuongea. Alimwambia mama yake mawingu yamekaaje, mbwa wa nani amepita, nani amevaa nini, na mengine aliyaongezea chumvi.

"Mama, leo Mama Shukrani amevaa kofia ina masikio ya simba."

Siwema alijua ni uongo, akafurahi hivyo hivyo. Baba wa Chiku alikwenda zake kabla mtoto hajaota jino, tumwache huko huko aliko.

Kosa la Siwema lilitokea zahanati. Chiku alikuwa na kikohozi, nesi akampa mama dawa na karatasi ya maelekezo. Siwema akasema, "Naomba unisomee, dada." Maneno matatu tu, jamani! Nesi akaruka nyuma. Akamwita msimamizi, msimamizi akafungua Sheria, Kifungu cha Tisa: mzazi asiyeweza kusoma waraka wa Serikali hawezi kukaa na mtoto wa Serikali, na watoto wote ni wa Serikali mpaka siku watakapoanza kudai kazi.

Walikuja kumchukua Chiku kesho yake asubuhi, wanawake wawili wenye sauti za upole. Hao wenye sauti za upole ndio wabaya kuliko wote, mimi nawajua. Siwema alimkumbatia mtoto, wao wakamfungua vidole kimoja kimoja huku wakimwambia pole.

"Mama, naenda wapi?" Chiku aliuliza.

"Makao ya Watoto, mwanangu. Ni kwa muda tu."

"Sasa nani atakwambia mvua inakuja?"

Siwema alisikia mlango wa gari ukifungwa, akasikia mtoto anaendelea kuuliza, mpaka gari likakata kona. Alikaa chini palepale kizingitini. Siku ile hakufuma kitu.

*

Miezi minne Siwema alikwenda kila Jumamosi kwenye geti la Makao ya Watoto, fimbo mkononi. Kila Jumamosi aliambiwa maneno yaleyale.

"Jibu lako litakuja kwa waraka, mama. Kwa mdomo haturuhusiwi."

"Basi niambie kama hajambo."

"Hajambo nayo ni taarifa, mama. Taarifa huja kwa waraka."

Alikuwa anabaki pale ukutani akisikiliza watoto wakicheza ndani, anajaribu kuichambua sauti moja katika sauti mia. Kuna siku aliisikia. Kuna siku alijidanganya kwamba ameisikia, akarudi nyumbani na hiyo hiyo.

Waraka ukaja siku ya Jumanne. Simu ililia, Siwema akaacha sindano, akaifungua. Simu ikasoma:

"Picha ya waraka rasmi wa Serikali. Waraka ni mweupe na hauna mikunjo. Juu katikati kuna nembo. Chini kulia kuna mhuri wa mviringo, rangi ya zambarau, uliokolea vizuri. Kando ya mhuri kuna sahihi ya Katibu yenye mapindo matatu. Kati ya nembo na mhuri kuna maneno."

Aliisikiliza tena. Akaisikiliza mara kumi na moja, mpaka akaijua kwa moyo, akidhani labda kuna mahali amepitwa. Kisha akajitanda khanga akaenda mlango wa pili, kwa Mama Shukrani, jirani aliyempokea Chiku siku alipozaliwa.

"Mama Shukrani, kwa Mungu wako. Sitaki unisomee yote. Niambie tu, wananirudishia au hawanirudishii?"

Mama Shukrani aliipokea simu, na Siwema akasikia ikilazwa mezani kifudifudi.

"Sijaangalia, mwenzangu. Naapa sijaangalia. Jirani yetu wa nyumba ya bluu alimsomea mama mkwe wake bili ya maji, yuko ndani mpaka leo. Nina wanne mimi, Siwema. Wakinichukua, hawa nao watapelekwa huko huko."

"Nani atakuona?"

"Shukrani mwenyewe atasema shuleni. Wanaulizwa kila Ijumaa." Mama Shukrani alikuwa analia waziwazi. "Nenda Idarani. Wao ndio wameiandika, wao watajua. Kunywa chai kwanza."

Siwema hakuinywa ile chai. Alichukua simu yake akatoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimchukia mtu ambaye hakuwa na kosa.

*

Idara ya Maelezo ya Picha iko ghorofa ya tano. Lifti ipo, tena nzuri, imewekwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Ndiyo maana imefungwa kwa kufuli, wasije wazima wakaiharibu, na ufunguo anao Waziri. Siwema alipanda ngazi akihesabu, akafika juu anahema, akapokelewa na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Kapufi. Huyu Kapufi alikuwa mtu mwema sana. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, na hakuna aliyewahi kusaidiwa naye.

"Waraka umekufikia, mama?"

"Umenifikia, baba."

"Simu ilisema?"

"Ilisema."

"Basi umefikiwa. Tatizo liko wapi?"

"Sijui umeandikwa nini."

"Sasa mama, si umeambiwa? Kati ya nembo na mhuri kuna maneno."

"Maneno gani, baba?"

Bwana Kapufi alicheka kwa huruma. "Hayo yamo ndani ya picha. Mimi mwenyewe nyaraka hizi huwa sizisomi, naziangalia tu. Kiapo ni kiapo. Ila kama huridhiki, haki yako ipo. Ipo fomu ya malalamiko. Ni karatasi. Unaweka alama ya vema kwenye kisanduku chekundu, siyo kile cha kijani, ukikosea unashtakiwa kwa kuisifu Serikali kwa dharau."

Siwema, maana alikuwa amechoka na hasira zimemfika shingoni, akaanza kumkariria Mkurugenzi yale maelezo yote kwa kichwa, neno kwa neno, kuanzia weupe wa karatasi hadi mapindo matatu ya sahihi. Alitaka aone aibu. Bwana Kapufi hakuona aibu. Alisimama, akampigia makofi.

"Mama! Umeusoma waraka wote! Bila miwani!" Alizunguka meza akamshika mkono kwa mikono miwili. "Keshokutwa Alhamisi ni Siku ya Ufikivu ya Taifa, na nilikuwa sina shahidi. Niliyekuwa naye amepata kazi akakataa kuja. Utasimama jukwaani mbele ya Waziri, utausoma hivi hivi."

"Mimi nataka mtoto wangu."

"Na nani mwenye uwezo wa kukurudishia mtoto kwa neno moja? Waziri. Na Waziri akifurahi, hana choyo. Mpendeze, mama, halafu muombe. Mbele ya watu elfu mbili atakataa?"

Siwema aliteremka ghorofa zote tano anayapima maneno hayo. Hakumwamini. Lakini mwenye mtoto ndani ya geti hachagui sana wa kumwamini, na kufika chini alikuwa ameshakubali.

*

Ukumbi wa Taifa unatazamana na Makao ya Watoto, barabara tu ndiyo imepita katikati. Siku ile ya Alhamisi wenye viti vya magurudumu waliwahi mapema, wakazikuta ngazi ishirini na moja, wakaombwa wabaki chini yake. Serikali haikuwasahau, iliwawekea spika kubwa nje wafuatilie kila neno. Wasioona walipewa safu ya mbele kabisa ili waone vizuri. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwepo, kavaa suti, lakini alisimamishwa nyuma ya pazia, kwa sababu mikono yake ilikuwa inaharibu picha ya Waziri kwenye televisheni. Viziwi walikaa wanalitazama pazia.

Waziri alifungua hotuba saa tatu.

"Ndugu wananchi wenye ulemavu, na ninyi wengine ambao bado hamjabahatika! Kama mnavyoona kwenye slaidi hii..."

Slaidi zilikuwa tisini na tano. Herufi za kijivu juu ya kijivu kingine, zinaingia moja moja kwa kuruka sarakasi. Safu ya mbele iligeuza nyuso kule sauti inakotoka na kutabasamu kwa adabu. Saa tatu na dakika arobaini Waziri alisema, "Na sasa ushahidi ulio hai," na Bwana Kapufi akampandisha Siwema jukwaani, akachukua simu yake akaiunganisha na projekta. Waraka ukatokea nyuma yake kwenye skrini ya ukutani, mkubwa kama nyumba.

Siwema akakohoa kidogo, akaanza. "Picha ya waraka rasmi wa Serikali. Waraka ni mweupe na hauna mikunjo..."

Mbele yake watu elfu mbili walikuwa wanausoma waraka wenyewe. Uliandikwa hivi:

*Bi. Siwema. Kamati imebaini kuwa karatasi uliyopewa zahanati haisomeki hata kwa wenye macho. Huna kosa. Fika Makao ya Watoto siku ya Alhamisi saa nne kamili asubuhi umchukue mwanao Chiku. Usipofika, mtoto atakabidhiwa saa hiyohiyo kwa wazazi wengine, moja kwa moja, na majina yao hayatatolewa.*

Watu waliusoma waraka, wakaitazama saa ya ukutani, wakamtazama yule mama, wakavitazama viatu vyao. Kila mmoja alikijua Kifungu cha Tisini. Kila mmoja alikuwa na watoto, au kazi, au jirani anayeandika taarifa za wenzake. Mwanamke mmoja katikati alianza kulia kwa sauti, askari wakamtoa kwa kosa la kukohoa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama. Alikuwa fundi cherehani, Mwinshehe, kiziwi tangu kuzaliwa. Sheria ilitangazwa redioni, naye hakuwahi kuisikia, kwa hiyo hakujua kwamba kumwambia mtu mtoto wake yuko wapi ni kosa. Alipanda jukwaani mbio, akamshika Siwema mkono, akamwonyesha skrini, akaonyesha saa, akaonyesha mlango na ng'ambo ya barabara. Mikono yake ilisema yote, tena kwa ufasaha. Siwema alihisi upepo wa ile mikono usoni. Akahisi kiganja chenye jasho kinamvuta, na pumzi ya mtu anayejaribu kutoa sauti ambayo hajawahi kuwa nayo.

"Nani huyu? Anasema nini?" Siwema aliuliza. "Jamani, kuna nini?"

Mkalimani, aliyeweza kumjibu, alikuwa nyuma ya pazia, na alikuwa ameambiwa asitoke.

"Kiziwi na asiyeona wameshikana mikono!" Waziri alipaza sauti. "Piga picha hiyo!" Wapiga picha wakapiga.

Siwema alipiga hatua mbili kuufuata ule mkono. Mwili wake ulitaka kwenda. Hapo Bwana Kapufi aliinua macho kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akausoma waraka. Ilikuwa saa nne kasoro tano, na kutoka jukwaani mpaka geti la Makao ni mwendo wa dakika tatu. Akamtazama Siwema, akamtazama Waziri, akakumbuka ghorofa ya tano na meza yake. Akainama sikioni kwa Siwema.

"Usitoke, mama. Waziri bado hajasema neno lake. Ukitoka sasa umempoteza mtoto."

Siwema akauachia ule mkono. Mwinshehe alibebwa na askari wanne, akatolewa kwa mlango wa nyuma, mikono yake inasema mpaka mwisho.

"Mheshimiwa," Siwema alisema, akipiga magoti, "nimefanya nilivyoambiwa. Naomba mwanangu."

Waziri aligeuka, akausoma waraka, akaitazama saa. Nasikia alifikiri kidogo. Kama waraka ungekuwa fikivu, yule mama angekuwa anajua. Na kama hajui, basi slaidi zote tisini na tano ni uongo, mbele ya televisheni. Waziri hawezi kuwa mwongo mbele ya televisheni.

"Nitasema neno langu," alisema kwa upole. "Lakini kwanza rudia, mama, kwa faida ya waliochelewa. Polepole. Kwa sauti ya juu."

Siwema akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akausema tena. Safari hii aliusema kama anayeomba dua, kwa sauti yake yote, kila neno peke yake, kwa sababu aliamini kwamba kila neno linamsogeza kwa Chiku. Watu walilia. Yeye alidhani wanalia kwa kumwonea huruma, akapata moyo, akaongeza sauti. Saa ya ukutani ikagonga saa nne akiwa kwenye mhuri wa zambarau, na Waziri akamfanyia ishara Kapufi, Kapufi akamwambia arudie mara ya tatu.

Alipomaliza, Waziri alisema neno lake. "Jibu la ombi lako, mama, limo katika waraka ambao wewe mwenyewe umetusomea vizuri kabisa." Wakampigia makofi.

*

Ilipofika saa nne na nusu Bwana Kapufi alimfikisha mlangoni, akamwambia kwa sauti ndogo, "Nenda Makao, mama. Wahi." Siwema alivuka barabara akikimbia, fimbo inagonga chini, magari yanampigia honi. Geti lilifunguliwa kabla hajabisha. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne alikaribishwa ndani, akapewa kiti, na msimamizi wa Makao, mama mmoja mtu mzima aitwaye Bi. Apolonia, akakaa karibu yake.

"Shauri limefungwa, kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema," Bi. Apolonia alimwambia. Akamweleza yote, Kamati ilivyomwona hana kosa, saa nne, wazazi wengine. "Tulikungoja mpaka saa nne na dakika tano, mama. Sheria inaruhusu tano. Wamemchukua. Watu wa mbali, wana gari."

Siwema alishika kingo za kiti.

"Nilikuwa hapo ng'ambo," alisema.

"Tunajua. Spika yao inafika mpaka uani. Imebidi tuandike kwenye jalada kwamba mama aliusoma waraka mwenyewe mara tatu na hakuja."

"Na yeye alinisikia?"

"Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho na begi lake tangu saa moja. Aliposikia sauti yako aliruka, akawaambia wenzake wote, huyo mama yangu, anaongea na wakubwa, akimaliza anakuja."

"Alilia, walipomchukua?"

"Hakulia, mama. Walimbeba kidole kiko mdomoni, anawanyamazisha, ili akusikie."